Mwenye Hisa Mdogo na Nahodha Mpya

Siku hizi si ajabu kumsikia mzazi, au hata kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, akisema, "Nami nina hisa." Zamani neno hilo lilikuwa la matajiri wa mijini. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na tangu hapo watu wengi wa kipato cha kawaida wamejifunza kuweka akiba zao katika hisa. Tena leo, kwa simu ya mkononi, mtu aweza kununua hata hisa za kampuni zilizo ng'ambo, ambazo hajapata kufika mlangoni pao. Kwa hiyo yatupasa sote, wanafunzi, walimu na wazazi, tulielewe jambo hili vema, maana akiba ya mtu ni jasho lake.

Katika makala hii nataka kueleza swali moja tu. Kampuni ikiingia matatani, kisha ikapata viongozi wapya, je, mwenye hisa mdogo awaamini? Na akiwaamini, imani yake isimame juu ya nini? Nitatoa mifano miwili ya kweli, yote ya Marekani. Mmoja uliishia katika huzuni na mwingine katika furaha. Nimechukua miwili kusudi, kwa sababu atazamaye mmoja peke yake atapotoka: ama ataogopa kila kitu, ama ataamini kila kitu.

HISA NI NINI

Tuseme watu kumi wa pwani wanataka kuunda jahazi. Hapana hata mmoja mwenye fedha za kutosha, basi kila mtu atoa sehemu moja katika kumi ya gharama. Jahazi likileta faida, wote kumi wagawana. Likizama, kila mmoja apoteza kile alichotoa, lakini hadaiwi zaidi ya hapo. Wote kumi hawawezi kushika usukani kwa pamoja, kwa hiyo wachagua watu wawili watatu wa kusimamia mambo, na hao wamwajiri nahodha.

Kampuni ni jahazi la namna hiyo. Yale mafungu ndiyo hisa, ila si kumi bali mamilioni. Wale wasimamizi ndio halmashauri ya wakurugenzi, na nahodha ndiye mkurugenzi mkuu. Mwenye hisa mdogo ana haki zake: hupata gawio kama likitolewa, hupiga kura katika mkutano mkuu wa mwaka, na aweza kuuza hisa zake siku apendayo. Lakini kura huhesabiwa kwa hisa, si kwa vichwa. Mwenye hisa mia ana kura mia, na mwenye hisa milioni kumi ana kura milioni kumi. Kwa hiyo sauti ya mdogo ni kama tone katika mtungi, ingawa tutaona kwamba matone mengi yakikosekana mtungi haujai.

Tena yafaa tujue kwamba majahazi ni ya namna mbili. Kuna lile lililokwisha kuelea, lenye abiria na shehena. Na kuna lile lingali ufukoni, mafundi wangali wanapiga misumari. Kampuni ya namna hii ya pili huitwa kampuni ya kubahatisha. Haijapata faida, pengine haijauza hata kitu kimoja. Anayenunua hisa zake hanunui faida ya leo, bali ahadi ya kesho. Jambo hilo lenyewe si baya. Kama watu wa zamani wasingethubutu hivyo, reli na ndege nyingi zisingejengwa. Lakini wahenga walisema ahadi ni deni, na katika kampuni ya kubahatisha mnunuzi ndiye aliyekopesha.

MALORI YA HAIDROJENI

Mfano wa kwanza ni wa kampuni iitwayo Nikola, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Bwana Trevor Milton. Makao yake yalikuja kuwa mjini Phoenix, jimbo la Arizona. Shabaha yake ilikuwa kutengeneza malori makubwa yasiyotumia dizeli. Baadhi yangetumia betri, na mengine yangetumia gesi ya haidrojeni. Katika lori la namna hiyo ya pili, haidrojeni hukutanishwa na oksijeni ya hewani ndani ya mtambo maalumu, umeme hupatikana, na kinachotoka nyuma si moshi ila mvuke wa maji. Sayansi yake ni ya kweli, na mwanafunzi yeyote wa kemia aweza kuieleza. Ugumu uko katika kuifanya kazi hiyo kwa bei ambayo mwenye malori atakubali kuilipa.

Mwezi Juni 2020 hisa za Nikola zilianza kuuzwa sokoni New York. Kampuni haikupita njia ya kawaida, bali iliungana na kampuni nyingine iitwayo VectoIQ, iliyoundwa ikiwa na fedha tu, bila kiwanda, kwa ajili ya kutafuta biashara ya kuungana nayo. Mkuu wa VectoIQ alikuwa Bwana Stephen Girsky, aliyepata kuwa makamu mwenyekiti wa General Motors. Tulikumbuke jina hili, maana litarudi. Katika siku chache hisa moja ilifikia karibu dola 80, na thamani ya kampuni nzima ikaipita ile ya Ford, ambayo huuza magari kwa mamilioni. Nikola ilikuwa haijauza lori hata moja.

Mwezi Septemba mwaka ule ule mambo yaligeuka. Kampuni ya uchunguzi iitwayo Hindenburg, ambayo ilikuwa imejiweka ipate faida kama bei ya hisa ingeshuka, ilitoa taarifa ya kumshutumu Bwana Milton kuwa amewadanganya watu. Jambo moja lililotajwa lilihusu filamu fupi ya mwaka 2018 iliyoonyesha lori la Nikola likikimbia barabarani. Ilikuja kujulikana kwamba lori lile halikuwa likienda kwa nguvu zake. Lilikuwa likiteremka mlima. Siku chache baadaye Bwana Milton alijiuzulu. Mwaka 2021 Serikali ya Marekani ilimshtaki, na waendesha mashtaka walieleza kwamba maneno yake yaliwalenga hasa wanunuzi wadogo wa kawaida. Baraza la mahakama lilimwona na hatia mwezi Oktoba 2022, naye akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwezi Desemba 2023. Mwezi Machi 2025 Rais Trump alimpa msamaha.

Sasa na tufike kwenye swali letu. Bwana Milton alipoondoka mwezi Septemba 2020, bei ya hisa ilishuka hadi karibu dola 28. Tuseme fundi mmoja wa magari, mtu wa kipato cha kawaida, alizo hisa 300. Siku ile zilikuwa na thamani ya dola 8,400. Mbele yake palikuwa na njia mbili: auze apate kilichobaki, au akae na viongozi wapya. Wengi walikaa. Walisema moyoni mwao, "Aliyeharibu ameondoka. Sasa watakuja watu wazima wenye ujuzi." Je, walikuwa wajinga? Hapana. Walikuwa na sababu zao, na yafaa tuzipime kwa haki.

YALE MEMA WALIYOYAONA

Kwanza, viongozi walioshika usukani baada ya Bwana Milton walisema kweli. Mwanzoni mwa 2021 kampuni yenyewe iliandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba baadhi ya maneno ya mwanzilishi hayakuwa sahihi. Mwezi Desemba 2021 ilikubali kulipa dola milioni 125 ili kumaliza shauri lililoletwa na wakaguzi wa soko la hisa. Ni vigumu kiongozi kukiri makosa ya nyumba yake, nao walikiri.

Pili, malori yalitengenezwa. Kiwanda kilijengwa mji wa Coolidge, Arizona. Malori ya betri yalianza kupelekwa kwa wauzaji mwaka 2022. Mwishoni mwa 2023 yakafuata yale ya haidrojeni: 35 katika robo ya mwisho ya mwaka ule. Mwaka 2024 yakawa 40 katika robo ya kwanza, 72 katika robo ya pili, na 88 katika robo ya tatu. Kwa kweli, mtu akizisoma namba hizo zikipanda hivyo, moyo wake utapanda pamoja nazo.

YALE AMBAYO HAWAKUYAPIMA

Lakini kulikuwa na mambo mengine, nayo hayakufichwa. Yaliandikwa katika taarifa za kampuni ambazo kila mwenye hisa aweza kuzisoma.

La kwanza, je, nahodha mpya alikuwa mpya kweli? Tuna methali isemayo, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Lakini aliyekuwa mwenyekiti baada ya Bwana Milton ni Bwana Girsky, yule yule aliyeileta Nikola sokoni. Na mkurugenzi mkuu, Bwana Mark Russell, alikuwamo tangu wakati wa Bwana Milton, akaendelea hadi mwisho wa 2022. Akafuata Bwana Michael Lohscheller, aliyekaa mwezi Januari hadi Agosti 2023, kisha Bwana Girsky mwenyewe akashika usukani. Sisemi kwamba watu hawa walikuwa wabaya. Nasema tu kwamba mtu anayesema "wamekuja wageni" hana budi kwanza kuuliza wametoka wapi. Na jahazi linalobadili nahodha mara kwa mara lina jambo.

La pili ni ahadi. Mwanzoni mwa 2022 kampuni ilisema itapeleka kwa wauzaji malori kati ya 300 na 500 mwaka huo. Mwaka ulipokwisha yalikuwa yamepelekwa 131. Mwezi Agosti 2023 iliwapasa kuyaita yarudi malori yote ya betri yaliyokwisha kutoka, yapata 209, kwa sababu baada ya malori kadhaa kuungua ilionekana kwamba maji ya kupozea yalivuja ndani ya betri. Ajali kama hiyo yaweza kumpata mtengenezaji yeyote wa kitu kipya. Lakini jahazi lisilo na akiba ya chakula halina nafasi ya ajali.

La tatu ni wingi wa hisa, na hapa naomba msomaji awe makini, kwa maana ndipo wadogo wengi hupoteza fedha bila kujua. Kampuni isiyo na faida hupata fedha za kuendesha kazi kwa kuuza hisa mpya. Turudi kwenye jahazi letu la watu kumi. Wakiuza mafungu mengine kumi kwa watu wengine, kila mmoja wa kwanza ana moja katika ishirini badala ya moja katika kumi. Hakunyang'anywa kitu, lakini sehemu yake imekuwa nusu. Mwaka 2022 Nikola iliwaomba wenye hisa waruhusu hisa ziongezwe kutoka milioni 600 hadi milioni 800. Sheria ilitaka kibali cha zaidi ya nusu ya hisa zote zilizopo, si za waliopiga kura tu. Bwana Milton, ambaye bado alikuwa na fungu kubwa, alipinga. Wadogo wengi hawakujishughulisha kupiga kura. Mkutano ukaahirishwa mara kadhaa, na viongozi wakawa wanawasihi watu wapige kura, hadi jambo likapita tarehe 2 Agosti 2022. Hapo ndipo lile tone la mtungi lilipotafutwa kwa tochi! Mwaka uliofuata waliomba tena, safari hii hadi hisa milioni 1,600, wakapata.

Baadaye bei ya hisa moja ikashuka chini ya dola moja, na kanuni za soko hazikubali hali hiyo iendelee. Basi mwezi Juni 2024 kampuni ilizikusanya hisa, kila 30 zikawa 1. Yule fundi wetu mwenye hisa 300 aliamka asubuhi akiwa na hisa 10. Kukusanya huku peke yake hakumpunguzii mtu mali, kama vile kubadili senti 100 kuwa shilingi moja. Lakini ni ishara ya ugonjwa, si dawa yake.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Katika robo ya tatu ya 2024, ile ile ya malori 88, kampuni ilipata mauzo ya dola milioni 25 hivi, na hasara ya karibu dola milioni 200. Yaani kwa kila dola moja iliyoingia, hasara ilikuwa dola nane. Mwisho wa robo hiyo fedha iliyobaki mkononi ilikuwa karibu dola milioni 198. Hasara ya vitabuni si sawa kabisa na fedha iliyotoka sandukuni, lakini hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza akizitazama namba hizo ataona kwamba siku zilikuwa zikihesabika. Malori yalikuwa yakiongezeka, lakini kila lori lilitoka kwa hasara.

Tarehe 19 Februari 2025 Nikola ilikwenda mahakamani kuomba kinga chini ya sheria za kufilisika. Ilisema imebakiwa na dola milioni 47 hivi. Hisa moja wakati huo haikufika dola moja. Zile dola 8,400 za fundi wetu zilikuwa sasa chini ya dola 10. Na kampuni ikifilisika, sheria ina foleni yake: hulipwa kwanza wenye madeni, na wenye hisa husimama mwisho kabisa, mahali ambapo mara nyingi hakifiki kitu. Kiwanda cha Coolidge kilichukuliwa na kampuni nyingine ya magari, Lucid.

Wahenga walisema, "Chombo cha kuzama hakisikii usukani." Nahodha aweza kuwa mwadilifu, aweza kuwa hodari, lakini kama maji yanaingia upesi kuliko yanavyochotwa, uadilifu hauzibi tundu.

NAHODHA ALIYELIPONYA JAHAZI

Mtu akiishia hapo ataweza kusema, "Kumbe viongozi wapya hawana maana." Hilo nalo si kweli, na ndiyo sababu ya mfano wa pili.

Huko California kuna kampuni iitwayo AMD, iliyoanzishwa mwaka 1969. Kazi yake ni kuunda prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Kufikia 2014 kampuni hii ilikuwa taabani. Mshindani wake, Intel, alikuwa amemwacha mbali. Mwaka 2013 ilikuwa imeuza hata majengo yake ya ofisi mjini Austin ikawa mpangaji humo. Mwezi Oktoba 2014 ilimchagua mkurugenzi mkuu mpya, Bibi Lisa Su, mhandisi wa umeme aliyesoma hadi kupata udaktari katika chuo cha MIT. Hisa moja ilikuwa karibu dola 3. Mwaka wa kwanza wa uongozi wake mambo hayakutengemaa: hisa ilishuka chini ya dola 2, na mwaka 2015 kampuni ilipata hasara ya dola milioni 660. Mtu aliyetazama bei peke yake angesema huyu naye ameshindwa.

Lakini tuzipime namba zake kama tulivyozipima zile za Nikola. Mauzo ya mwaka ule yalikuwa karibu dola milioni 4,000. Kwa hiyo kwa kila dola moja iliyoingia, hasara ilikuwa senti 16 au 17, si dola nane. Kampuni ilikuwa na wateja wa kudumu; tangu 2013 prosesa zake zilikuwa ndani ya mashine za michezo za Sony na Microsoft. Jahazi hili lilikuwa likivuja, lakini lilikuwa likielea na shehena ndani.

Tena tutazame ahadi. Mwezi Mei 2015 AMD ilitangaza mbele ya watu kwamba prosesa yake mpya itafanya kazi zaidi kwa asilimia 40, katika kila pigo moja la saa ya mashine, kuliko ile iliyotangulia. Hii ni ahadi ya aina bora, kwa kuwa ina namba, na mtu yeyote mwenye ujuzi aweza kuipima bila kumwuliza aliyeahidi. Prosesa ile ilichelewa kidogo, ikatoka mwezi Machi 2017 kwa jina la Ryzen. Nyongeza ikawa asilimia 52. Waliahidi 40 wakatoa 52.

AMD nayo iliuza hisa mpya. Mwaka 2016 iliuza zaidi ya milioni 100 kwa dola 6 kila moja, fungu la wenye hisa wa zamani likapungua. Lakini iliuza bei ikiwa imepanda, si ikiwa inaanguka, na fedha ilikwenda kupunguza madeni ambayo yangeweza kuizamisha. Mwaka 2018 ilipata faida ya dola milioni 337. Mwishoni mwa 2020 hisa moja ilipita dola 90.

Na tusisahau jambo moja la haki. Kazi ya kuunda prosesa ile ilikuwa imekwisha kuanza kabla Bibi Su hajawa mkurugenzi mkuu. Usione vyaelea, vimeundwa. Nahodha mpya hupata heshima kwa kuvuna, lakini mara nyingi mbegu ilikuwa tayari ardhini. Sifa yake ni kwamba aliitambua mbegu hiyo, akaipalilia, wala hakuiuza wakati wa njaa. Kwa hiyo anayetaka kumpima nahodha mpya na atazame pia alikuta nini chomboni.

MASWALI YA KUULIZA

Sasa twaweza kujibu swali letu. Mwenye hisa mdogo aweza kuwaamini viongozi wapya, lakini imani hiyo iwe ya kukagua. Kabla ya kusema "nakaa nao," na aketi na karatasi na kalamu ajiulize maswali manne.

Kwanza, ni wapya kweli? Walikuwa wapi jahazi lilipopotea njia?

Pili, wameahidi nini kwa namba na tarehe, na zile ahadi za mwaka jana zimetimizwa kiasi gani? Kiongozi asemaye "tutafanya makubwa" hajaahidi kitu. Kiongozi asemaye "malori 300 kabla ya Desemba" amejifunga mwenyewe, nasi tumngoje Desemba.

Tatu, fedha iliyobaki itatosha miezi mingapi? Na je, kila kitu kinachouzwa huleta faida, au huzidisha hasara?

Nne, hisa zote zilikuwa ngapi mwaka jana, na leo ni ngapi? Hapo atajua fungu lake limepungua kiasi gani.

Majibu yote ya maswali haya yamo katika taarifa ambazo sheria hulazimisha kampuni za sokoni kuzitoa kila mwaka, na huko Marekani kila robo ya mwaka. Kuzisoma kunachosha, lakini hakuchoshi kama kupoteza akiba. Na wakati wa mkutano mkuu, na apige kura yake, hata kama ni ndogo.

Liko na swali la tano, nalo ni gumu kwa sababu huulizwa moyoni. "Kama leo ningekuwa na fedha taslimu, wala sina hisa hizi, je, ningezinunua?" Wengi hukaa na hisa inayoanguka si kwa sababu wanawaamini viongozi, ila kwa sababu wanaona haya kukiri kwamba walinunua ghali. Hujiambia, "Nitauza ikirudi bei niliyonunulia." Lakini soko halijui wala halijali bei uliyonunulia. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Mwisho, nawaambia vijana wetu neno moja. Msije mkaogopa hisa, wala msiwadharau wanaojaribu mambo mapya, kwa kuwa nchi yetu nayo yahitaji watu wa kuunda majahazi. Lakini fedha ya karo, fedha ya dawa na fedha ya chakula haipandi jahazi lililo ufukoni. Na ile ndogo inayobaki, mtu akiamua kuipandisha, asitazame uso wa nahodha tu wala asisikilize wimbo wake. Ashuke chini kwenye ngama, aone maji yamefika wapi, ahesabu na ndoo za kuchotea.